Mwalimu Alhamisi na Watoto Waliosomea Nyumbani

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mwalimu Alhamisi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1964 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe.

Alianza shule Januari 1971. Alikuwa na kigugumizi, na kila alipoitwa kusoma darasa zima lilicheka, mpaka akaacha kabisa kufungua mdomo. Baba yake alimtoa shule kwa mwaka mzima, akamfundisha mwenyewe kwenye meza ya kushonea, akiandika kwa chaki ya kuchorea nguo juu ya kitambaa chochote kilichokuwa mbele yake. Siku moja mteja alirudi na suruali aliyovaa harusini, nyuma imeandikwa jedwali la kuzidisha kwa saba. "Fundi," alilalamika, "nimeoa huku nimekalia hesabu!" Mwalimu alipenda kukisimulia kisa hiki, na hakukwama hata neno moja.

Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1986, akafundisha shule ya msingi kwa miaka kumi na saba. Tarehe 16 Desemba 1989 aliolewa na fundi saa, mtu mpole kama yeye, wakajaliwa binti mmoja. Binti alipopatwa na kifafa, shule ilishauri abaki nyumbani. Mwaka 2003 Mwalimu aliacha kazi, akabaki naye.

Haukupita muda, wazazi wengine wenye watoto nyumbani wakaanza kubisha hodi. Januari 2009 alifungua kituo katika vyumba viwili juu ya duka la dawa. Siku nyingine wazazi walifundisha wenyewe majumbani. Alhamisi wote walikutana pale. Watoto walifanya majaribio ya sayansi na kuazima vitabu, na wazazi wakabanana kwenye madawati madogo kujifunza namna ya kufundisha.

"Mwalimu, kugawanya kumenishinda," alisema muuza nyama mmoja. "Mimi nagawa nyama tu."

"Ukigawa ikabaki, unafanyaje?"

"Naweka kwenye friji."

"Basi, baba, leo tunafundisha friji. Kwenye hesabu inaitwa baki."

Hadi leo wanawe wakigawanya huulizana, "Friji ngapi?"

Figo zilianza kumsumbua Machi 2021. Alisafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na Alhamisi akapanda ngazi za kituo, akivuta pumzi kila baada ya hatua tatu. Alitafuta mwalimu wa kumrithi. Walikuja watatu, wakaondoka watatu.

Mtoto anayesomea nyumbani hafanyi mtihani wa mwisho mpaka fomu yake isainiwe na mwalimu aliyesajiliwa, na kituoni huyo alikuwa Mwalimu peke yake. Mwaka huu watahiniwa walikuwa kumi na tisa. Alipolazwa tarehe 2 Mei, Mwalimu alikwenda na mafaili yote. Kabla ya kusaini alisoma kazi za kila mtoto, ukurasa hadi ukurasa, kama alivyofanya miaka yote. Faili la mjukuu wake aliliweka chini kabisa, asije akaonekana anapendelea.

"Mama, weka sahihi tu, utasoma ukipona," binti yake alimsihi.

"Nitamdhaminije mtoto ambaye sijamsoma?"

"Muda hautoshi, Mama."

"Basi usiupoteze kwa kubishana. Nipe miwani."

Alifariki Jumapili tarehe 11 Mei 2025, saa nne asubuhi, faili la kumi na mbili likiwa wazi kifuani pake. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa juzi. Binti yake, ambaye hana cheti cha ualimu, alikwenda ofisi ya mitihani na cheti cha kifo mkononi. Walimpa pole, wakamwambia fomu isiyo na sahihi haipokelewi.

Marehemu ameacha mume, binti, mjukuu mmoja na kaka wawili. Ameacha kituo ambacho Alhamisi ijayo hakitafunguliwa, maana hakuna wa kukishika. Ameacha watoto kumi na mmoja watakaofanya mtihani, na wanane watakaoukosa. Mmoja wa hao wanane ni mjukuu wake, huyo aliyeshika picha ya bibi yake hapo mbele. Ametuuliza kosa lake ni lipi.

Mwalimu wetu alichoka sana. Mola ampe pumziko.