Wanyoike Asisome

Sogeeni karibu, Kinyua na wewe Sally, kwa sababu sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya sitaki mtu aje kuwasomea baadaye, nataka myasikie kwa mdomo wangu mimi mama yenu.

Hizi eka tatu baba yenu alizipata kwa jasho tulipohamia Kitale kutoka Nyeri, na mpaka anakufa hakumuuzia mtu hata hatua moja. Ndugu yake Wanyoike anajua, maana siku ya kupima mpaka yeye ndiye alishika ile ncha nyingine ya kamba. Hata hivyo alienda kortini akasema aliuziwa. Mtu wa korti akaniletea karatasi, nikaweka kidole, na kwa vile sijui kusoma nikaifunga kwa leso nikakimbia kwa nani? Kwa Wanyoike huyo huyo. Si ndiye alikuwa anatusomea barua zote? Akavaa miwani, akaisoma polepole, akaniambia, "Shemeji, korti inasema ukae nyumbani, mimi nitakusemea." Nikamchinjia kuku. Kila aliporudi kusema kesi inaenda vizuri nikamchinjia mwingine, mpaka wale wa kutaga wakaisha.

Kinyua, uliniomba uione hiyo karatasi, nami nikakufokea, ati unamkosea baba yako mdogo heshima. Nisamehe, mwanangu.

Nilimuuliza Wanyoike kama kuna wakili wa watu kama sisi, akacheka, akasema mawakili ni wa wenye magari. Kumbe ofisi ya wakili wa bure iko hapo Kitale mjini, na yeye huipita kila akienda sokoni. Mpaka nilipokuja kukuona, Sally, kule kwako Mabanga, nikakuta mawakili wa bure wameweka meza kwa uwanja wa kanisa, ndipo wakili wao mmoja, yule msichana Emmy, akafungua karatasi zangu, akazisoma, halafu akaniuliza, "Mama, hii ilikuwa inakuita. Mbona hukuenda?" Kumbe korti ilikuwa imempa Wanyoike shamba kwa vile mimi sikutokea. Wanangu, sikulia siku ya kumzika baba yenu vile nililia pale. Huyo mtu alinimaliza akiwa mezani kwangu, akila.

Sasa shikeni hili. Emmy ameomba korti ifungue kesi upya kwa sababu mimi sikusikilizwa, na siku ni Jumanne, Kitale, saa tatu asubuhi. Nikifa kabla, Sally, wewe ndiye utaomba kusimama mahali pangu, Emmy atakuonyesha. Msinizike kabla hamjatoka kortini. Wazee watasema ni aibu mwili kungoja mochari. Waacheni waseme, mimi sina haraka tena. Karatasi zote ziko kwa mkebe wa mafuta chini ya kitanda. Zisomeni wenyewe, na pale hamwelewi muulizeni Emmy, msione haya.

Wanyoike msimguse, wala msimfukuze matangani. Mpeni chakula. Mpeni na kuku, amezoea.

Nipe maji kidogo, Sally... Basi, inatosha.

Mungu awatunze. Watoto wenu walime hapa, wazeeke hapa, na yeyote asiwaogopeshe na karatasi.

Kinyua, uko wapi? Nishike mkono. Kwa mazishi yetu yote, ni Wanyoike husimama kusoma maisha ya marehemu. Yangu asisome. Soma wewe... hata ukikwama, watu watangoja. Soma wewe.