Tulivyompumzisha Kaijage

Benchi letu liko Kagondo, mbele ya jiko la kahawa la Joanitha, na nitasema ukweli kavu: wenye kosa hapa ni sisi, mimi nikiwemo. Mwenzetu Kaijage ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, na bega na miguu vinamuuma kutwa kucha. Tukamfanyia kama mgonjwa anavyofanyiwa kwetu. Tuliingia kibanjani kwake, tukapogoa migomba, tukamkatia ndizi, tukamtoa mundu mkononi tukamwambia alale. Miezi minne alilala, hadi binti yake alipokuja kumuuguza; tulidhani anampikia tu. Jumamosi moja Yunus, fundi pikipiki tunayemwita Injini, akaja na habari.

INJINI: – Nimetoka kupita kwa Kaijage. Yule binti yake aliyeolewa Buganguzi, Edvina, ameshika karatasi ya mazoezi ya hospitali, anamwinua kitini, anamkalisha, anamwinua tena. Anamhesabia, "Bado tatu, tata, baba yangu!" Mzee analia!

PROFESA (jina lake Privatus, hajafundisha hata chekechea): – Mtu anatetemeka siku nzima. Hilo si zoezi?

INJINI: – Ringi zimekwisha. Injini iliyochoka huipigi resi, unaipaki.

PROFESA: – Tena kila mtetemo unamwaga uboho. Akitikiswa zaidi mifupa itabaki mitupu kama mianzi.

MIMI: – Umeyasoma wapi hayo?

PROFESA: – Si kila kitu kinasomwa.

MIMI: – Basi nyamaza. Hata mimi sikusoma, lakini sibuni.

INJINI: – Ni baridi ya ziwa imegandia begani. Apakwe oili ya moto.

JOANITHA: – Oili ya pikipiki, Yunus?

INJINI: – Mpya lakini! Si chafu.

Hasira zikanipanda. Nikasema tuende tukamnyang'anye Edvina karatasi yake ya mazoezi, mgonjwa ni wetu. Tulikuwa tumeshasimama alipotokea mwenyewe, mkoba wa safari begani.

EDVINA: – Shikamooni, baba zangu.

MIMI: – Marahaba. Mwanangu, unamtesa baba yako.

EDVINA: – Waitu, samahani baba, kabla hamjamchukulia kazi zake alikuwa anafika hapa kwa miguu?

MIMI: – Alikuwa anafika.

EDVINA: – Nilipokuja wiki tano zilizopita alikuwa hafiki hata mlangoni. Ile kupogoa, kuinama, kubeba, ndiyo ilikuwa inamnyoosha. Kulala kumemkakamaza, na kukakamaa kukamzidishia maumivu.

INJINI: – Lakini analia!

EDVINA: – Analia mwanzoni, viungo vikiwa vigumu. Nasubiri dawa ishike, tunaanza polepole. Anainuka kitini, anapiga hatua kubwa ameshika meza, ananyoosha mikono ukutani. Akiyumba, au akisikia maumivu mapya, tunaacha. Wiki hii amefunga vifungo vya shati mwenyewe. Na bega halimwamshi tena kila usiku. Ila watoto wangu Buganguzi wananisubiri.

Profesa akakohoa.

PROFESA: – Basi nenda kwa watoto wako kwa amani. Tuko wanaume watatu, tutayaendeleza.

Nilidhani atafurahi. Hakufurahi.

EDVINA: – Kuhesabu mazoezi si kazi ngumu, baba. Kila asubuhi ananishika mkono, anasema, "Niache leo, mwanangu, nimechoka, tutafanya kesho." Na kweli amechoka, na kweli anaumia. Nikimwachia siku mbili tu, anarudi kitandani kama nilivyomkuta. Sasa akiwashika nyinyi mkono hivyo, ni nani kati yenu atakayemkatalia?

Injini aliangalia viatu vyake. Profesa, mwenye jibu la kila kitu, alirudi kukaa benchini. Mimi hugombana na mtu yeyote, hata na padri tumeshakwaruzana, lakini Kaijage tumekua naye, na hajawahi kuniomba kitu nikamnyima.

Edvina hakutuharakisha. Alisimama pale na mkoba wake, akitutazama mmoja mmoja usoni, akitafuta mwenye roho ngumu.