Mita Mia Tatu Arobaini na Mbili za Thelma Heinrich

Ndugu, majirani, na wanakamati wa kumbukumbu mliokaa safu ya tatu, familia imenituma mimi, Lyall Nankivell, niwasomee maisha ya dada yangu kwa tarehe na vipimo, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuvumilia makadirio.

Thelma Ruth Heinrich alizaliwa tarehe 11 Juni 1938 hapa Warrin Flat, Australia Kusini, mjukuu wa Garnet Nankivell, yule aliyeshika bawa la ndege ya mhunzi Oswald Prisk Jumamosi ya tarehe 5 Machi 1910, ikaacha ardhi na kukaa hewani sekunde ishirini na saba, kisha wakapima wawili hao, kwa mnyororo wa wapima ardhi wenye urefu wa mita ishirini na ushee, kutoka lango la malisho hadi pale magurudumu yalipoinuka, wakapata minyororo kumi na tisa, hesabu ambayo babu alimkaririsha Thelma kila Jumapili.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 1944 hadi 1950, kisha sekondari ya Gawler, na kuanzia 1955 hadi 1993 alikuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji, Adelaide, akaolewa na Clem Heinrich, mfuga kondoo, tarehe 8 Aprili 1961, wakajaliwa Joylene mwaka 1963 na Murray mwaka 1966, na Clem alimtangulia mwaka 2009.

Mwaka 1985 kamati ilipima minyororo kumi na tisa kutoka langoni, ikasimamisha jiwe la kumbukumbu la tani nne pale ilipodhani ndege iliinukia, wala hakuna aliyejiuliza lango lenyewe lilitoka wapi, ilhali kila mfugaji wa hapa anajua kwamba malango hufuata maji, na kisima cha zamani kilipokauka mwaka 1927 lango lile lilihamishwa minyororo kumi na saba, yaani mita mia tatu arobaini na mbili, jambo ambalo Thelma alilikuta katika daftari la mpimaji, Februari 1986, akalipeleka kwa kamati akidhani watashukuru.

Walimwita Bibi Vigingi, kwa sababu kila tarehe 5 Machi, ninyi mkiweka shada jiweni na kula soseji, yeye alipigilia kigingi cheupe mahali pa kweli, nanyi mkaking'oa kabla ya wiki kuisha, na mwaka 2004 mwenyekiti Des Pfitzner alimwambia mbele ya watu, "Thel, mama, jiwe ni tani nne, njoo ulibebe na mkoba wako," naye akamjibu, "Futa haradali shatini kwanza, Des, Prisk aliinua chuma bila kamati," mkacheka, kisha mkaendelea kushukuru mbele ya jiwe la uongo.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2021, akalazwa mara nne, na alifariki Jumanne, tarehe 15 Agosti 2023, akiwa na miaka themanini na mitano, akiamini hakuna aliyemsadiki, na juzi katibu wa kamati alituletea keki pamoja na barua ya mpimaji mliyemwajiri wenyewe, ya tarehe 9 Septemba 2019, isemayo kwamba Bibi Heinrich yu sahihi, barua iliyolala katika droo yenu siku elfu moja mia nne thelathini na sita, siku ambazo Thelma alikuwa hai na simu yake inafanya kazi.

Mmeomba jina lake liandikwe kwenye benchi kando ya jiwe, na familia inakataa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolisha kondoo wake, na wachora ramani wenzake waliotoka Adelaide.

Vigingi vilikuwa thelathini na vinane, thelathini na saba mliving'oa, cha mwisho bado kimesimama, hivyo tukitoka hapa gari la maiti litasimama mbele yake kwa sekunde ishirini na saba, lakini kwanza tutapima kutoka nguzo ya lango la zamani kwa mnyororo wa babu, ncha moja nitaishika mimi, na ya pili tunamwomba bwana Des Pfitzner aishike, ahesabu kwa sauti, hadi kumi na tisa.

Dada, umefika mahali penyewe, pumzika kwa amani.