Sketi ya Muuguzi Nemesia

Gari la kamba, lile linaloning'inia angani, lilikuwa likishuka na abiria kutoka mji wa mlimani wa El Alto. Bibi mmoja aliitazama sketi pana ya marinda, vazi la wanawake wa Kiaymara, chini ya koti jeupe la muuguzi Nemesia Quispe.

"Binti, na hiyo unaingia wodini? Si ya sokoni hiyo?"

Nemesia alishayasikia hayo hata kwa wakubwa wake; hakupepesa macho. "Ni safi, mama. Kucha nimekata, nywele nimebana. Na wagonjwa wakiiona, wananiambia kwa Kiaymara, lugha yetu, wanayomficha daktari."

"Muuguzi huvaa suruali nyeupe."

"Suruali haimnawishi mtu mikono, mama, wala haimzuii kutangaza siri za wagonjwa."

Gari lilifika kituoni, milango ikafunguka. "Sketi bado siikubali," bibi alisema akiinuka. "Ila mama yangu ni mgonjwa, na hajui Kihispania cha daktari, ila Kiaymara tu. Kesho upo zamu?"