Njaa ya Mshika Winchi

Kwenye benchi la mbao mbele ya meza ya kahawa ya Mariana, pale Runzewe kwenye njia ya machimboni, Jilala Magesa alikaa tumbo likimnguruma. Tangu jana mchana hakuwa ametia kitu mdomoni, kwa makusudi. Juma lililopita alishiba ugali na dagaa, akasinzia kwenye winchi ya kushushia watu shimoni, na mchimbaji akaning'inia katikati ya shimo mpaka watu walipopiga kelele. Leo saa sita mchana angeshika tena winchi ile. Akisinzia, kazi hana, na mtu anaweza kufa.

Mageni Charles, muuza dawa za mifugo ambaye kijiweni huitwa Profesa, aliyekaa kando yake, alikuwa amesikia jambo redioni na hakuweza kulinyamazia.

— Njaa inatoa homoni, inapanda mpaka kwenye ubongo, inaziamsha chembe zinazotuweka macho. Ukishiba, zinatulia. Jilala ana akili kuliko sisi wote.

— Kwa hiyo ng'ombe wangu nikiwashindisha njaa, watalinda zizi wenyewe? aliuliza Mayala, aitwaye Betri kwa kuwa haishiwi maneno.

Profesa akajibu kwamba ng'ombe ana matumbo manne, hesabu yake ni nyingine. Betri naye akanogewa: walinzi wote wa Geita wanyimwe chakula, wanafunzi wafanye mtihani kabla ya uji. Kufikia kikombe cha tatu alitaka homoni ya njaa ikamuliwe na kuuzwa kwa chupa sokoni. Jilala alicheka mpaka akalisahau tumbo. Kumbe alikuwa mtaalamu bila kujijua.

Ndipo akafika Kalisti Ndaki, mchimbaji aliyetoka Kishapu juzi, kofia ngumu kwapani. Akawaamkia wazee, wakamwitikia. Ndiye angeshuka saa sita kwa kamba ya Jilala. Alisikiliza kidogo, kisha akamgeukia Jilala.

— Kaka, tuache habari ya kula. Mara ya mwisho ulilala lini?

Profesa akamtazama Betri. Betri akatazama kikombe. Jilala, ambaye mchana hushika winchi na usiku hulinda mifuko ya mawe ya dhahabu, akaanza kuhesabu kwa vidole. Akapotea, akarudi mwanzo, akapotea tena.

Akachomoa glavu za winchi mfukoni, akampa Kalisti.

— Mwambie msimamizi leo atafute mwingine.

Mariana akamwekea viazi viwili. Hakumaliza hata kimoja. Kichwa kilishaangukia begani kwa Profesa, ambaye alikuwa na mengi bado ya kueleza, lakini hakuthubutu kujitikisa.