Ketura Mbambu, Aliyekataa Timu Iandikwe Jina Lake

Kwa niaba ya ukoo wetu wa Kinyamaseke, mimi Yeseri, mdogo wake marehemu, nasimama kuwasomea maisha ya dada yetu Ketura Mbambu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 Kinyamaseke, akasoma shule ya msingi pale pale, akamaliza sekondari mjini Kasese mwaka 1994, kisha akauza chumvi iliyotoka Kabatoro katika soko la mpakani, ambako alijuana na Anselme, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, wakafunga ndoa kanisani Bwera tarehe 7 Agosti 1999, wakajaliwa watoto wawili, Ruben na Immy.

Mwaka 2014 shemeji Anselme alinunua timu ya mpira ya hapa Bwera iliyokuwa karibu kuvunjika, na dada ndiye aliyewapikia wachezaji na kuwauguza wakiumia, akiwaita wote wanangu.

Tarehe 9 Februari 2023 nchi za nje zilimwekea shemeji vikwazo vya fedha, zikidai dhahabu yake ni ya magendo, benki ikafunga akaunti ya timu, mdhamini akajitoa, na wachezaji wakakaa bila kujua kama ligi itawapokea. Shemeji akataka timu iandikwe kwa jina la mkewe ili benki ifungue, na hata sisi ndugu tulimsihi akubali, lakini dada alimjibu mumewe mbele yetu, kwa Kiswahili cha ng'ambo walichozoea kuzungumza nyumbani, “Papa Ruben, mwenye timu itabaki wewe, mimi nitakuwa jina tu, na siku bale ba vikwazo batajua, batafungia hata hawa batoto betu. Uza timu wazi wazi, ao acha.”

Shemeji alivuka mpaka kwa hasira, wachezaji wengine wakaondoka wakimlaumu dada, naye tangu hapo kila gari geni likisimama nje alinyanyuka kuchungulia, akidhani wamekuja kumlazimisha, usingizi ukampotea, presha ikapanda, hata akalazwa hospitali ya misheni Kisinga, alikofariki tarehe 3 Mei 2025, akaunti ya timu ikiwa bado imefungwa.

Wiki hii, tukiwa kwenye msiba, watu wasiotaja aliyewatuma wamemfuata Ruben wakimtaka aweke kwenye karatasi za timu sahihi ambayo mama yake aliikataa. Tumeogopa, siwafichi, kwa sababu hatujui watarudi na nani. Lakini Ruben ameniomba niwaambie nyote, na waliotumwa wakiwemo hapa wasikie, kwamba hataweka sahihi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kisinga, majirani, wenzake wa sokoni, na wachezaji waliochimba kaburi hili. Dada Ketura, lala sasa, upumzike kwa amani.