Sikio Moja la Mzee Pandu

Wasikilizaji wapendwa, leo hatucheki sana. Mzee Pandu ametutoka. Pandu, mchonga vinyago wa Joubert Park. Kafa Jumapili asubuhi, kitandani kwake, kisu mkononi.

Mnamjua. Tawi la jakaranda likianguka barabarani, yeye keshafika. Ukimuuliza, "Mzee, huo mti si wa manispaa?" Naye: "Waje wabebe wao basi, mimi mgongo unaniuma."

Vinyago vyake vya kuuza havikuwa na masikio. Shikeni hilo. Vya kuuza, hakuna masikio. Chenye masikio ni cha mtoto wa ukoo wake. Anakichonga mtoto akiwa bado tumboni, masikio anayatia mwisho. Mtoto akizaliwa, jina lake linanong'onwa kwanza mle masikioni.

Sasa Benita, binti yake, msusi pale mjini, mimba ya miezi tisa. Mzee anaumwa, Benita ndiye anauza. Mteja akataka vitano. Mezani viko vinne. Benita akanyoosha mkono dirishani, akachukua cha tano. Hakina masikio, si cha kuuza hicho? Eish. Kilikuwa cha mwanawe.

Jumapili mzee akaita. "Benita, leta ule wa mtoto. Nimutie masikio sasa, mi sitamufikia."

Benita akakauka. Akampa kingine, cha mti mgumu. Cha mtoto kilikuwa cha jakaranda, na jakaranda ni mwepesi, jamani. Mzee akakipima kiganjani.

"Huyu iko muzito."

"Ni yeye, Papa."

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Mzee akamtazama weee. Halafu akachonga sikio la kulia. La kushoto hakulifikia.

"Alijua," anasema Benita. "Papa alijua namudanganya. Angenitukana, ningepona. Yeye akachonga tu."

Mtoto kazaliwa Jumanne. Msichana, Gaëlle. Ndugu wanabishana nani amalizie sikio la pili. Benita kagoma, hakiguswi. Kakishika, kainamia lile sikio moja. Lakini kabla ya jina la mtoto, kasema neno lingine: "Niliuza, Papa. Nisamehe." Ndipo akasema: "Gaëlle."

Pole, dada Benita. Poleni wote wa nyumba ya Mzee Pandu. Mungu amlaze pema.

Na wewe unayesikiliza, kuna neno umemficha mzee wako? Wako bado ana masikio mawili. Zima redio, kamwambie.